Tupo, Kaka Ambakisye

Kaka Ambakisye,

Sijui kama huko mnapata habari za Mbalizi. Lugano, mdogo wetu uliyemwacha akijifunza kutembea ile miaka ya hamsini surua ilipokuchukua, naye tumemzika. Nimebaki mimi, Subilaga wako, kibibi asiye na meno.

Baada ya msiba, mjukuu wangu Neema, anayesomea kompyuta, aliniona nimenyong'onyea. Akanikalisha, nimtajie majina yetu. Akayaandika ndani ya mabano, akiyatenga kwa mikato: wewe, mimi, Lugano. Akasema kitu hicho kinaitwa tuple. Mimi nikasikia "tupo." Nikalia, kaka. Mtoto wa watu hakujua kanikosea nini.

Unakumbuka? Mama hakuwahi kuita mtu mmoja. Chakula kikiiva alipaza sauti, "Ambakisye-Subilaga-Lugano!" nasi, Lugano mgongoni kwangu, kutoka migombani, "Tupo!" Ulipokufa, shangazi alimsihi aliache jina lako, anajitonesha kidonda. Mama akamjibu, "Nimewazaa hivyo, nitawaita hivyo." Akaendelea kuita watatu, tukaendelea kuitikia wawili, mpaka alipofumba macho.

Basi kompyuta nayo ni kichwa ngumu kama Mama. Neema alijaribu kukufuta mbele yangu, ikagoma. Ukishapanga hivyo, hakuna anayetoka, anayeongezwa wala anayehamishwa. Ukitaka vingine, utengeneze nyingine. Halafu cheka kidogo: inaanza kuhesabu na sifuri. Wewe uliyejidai kifungua mimba ukaninyang'anya ukoko, ndiwe namba sifuri!

Kinachoninyima raha tangu mazishi ni hiki: nikiondoka mimi, nani atajua kwamba mlikuwepo? Nikamuuliza Neema, je, mtu akiwa peke yake kwenye mabano? Akasema lazima awekewe mkato baada ya jina. Bila mkato, kompyuta inaona jina tu, haioni tuple. Nikautazama ule mkato, nikamwomba anifundishe kuuandika baada ya jina langu.

Nadhani alinielewa. Siku hizi akinipigia simu haanzi na shikamoo. Anaanza, "Ambakisye-Subilaga-Lugano!" palepale, kwa pumzi moja, kama Mama. Mara ya kwanza simu ilinidondoka.

Lala salama, kaka yangu. Mpokee Lugano, na ukoko mwachie yeye. Nakuahidi, kila Neema akiita, nitajibu kwa niaba yetu sote. Sitasema nipo. Nitasema tupo.

Dada yako,
Subilaga,