Mpunga Unaokunywa Chumvi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Tumeanza! Sadik, msaidizi wangu hapa bandani, alishika majani ya mpunga, mimi nikayasugua kwa virusi vya mimea. Tumevidhoofisha, kisha tumevibebesha kipande cha jeni ya mpunga wenyewe. Mmea ukipigana navyo, unaizima pia jeni yake – hapo unajua ilikuwa na kazi gani. Trei ya kwanza tumelenga jeni ya rangi ya kijani, kupima tu kama njia yenyewe inafanya kazi. Ya pili ni jeni ninayoishuku mimi, ile inayopandisha chumvi majanini. Daktari wa Nairobi, msimamizi wangu wa utafiti, anasema siyo hiyo. Tutaona.

Jumapili, 9 Machi
Nyumbani, upande wa Kipini. Mjomba Silas kanifokea mbele ya watu – eti korona haikutosha, sasa naleta virusi Tana? Nikamwambia vimefungiwa bandani, na havimshiki mtu. Akaondoka. Msimu uliopita bahari ilipanda mtoni, mpunga wote wa mama ukaungua kwa chumvi.

Jumanne, 25 Machi
MEUPE! Majani ya trei ya kwanza – mistari kwanza, sasa jani zima, kama karatasi! Sadik alipiga kelele, mlinzi akaja mbio na rungu akidhani ni nyoka. Tumezima jeni hapa hapa Garsen. Sisi! Kesho trei ya pili inaanza kunywa maji ya chumvi, pamoja na miche ya kawaida.

Ijumaa, 11 Aprili
Miche ya kawaida imejikunja, imekauka. Yangu imesimama. Kijani! Michache imelegea, lakini imesimama!
Nilipiga simu Nairobi. Daktari akaniambia: "Rachael, nilikosea. Hongera sana." Nikakaa chini kati ya trei nikalia. Sadik akajifanya anatafuta mpira wa maji.
Mama kwenye simu: "Kwa hiyo huo mpunga unakunywa chumvi?" Nikasema ndiyo, lakini – mtandao ukakatika.

Jumatatu, 14 Aprili
Mama yuko getini! Na wanawake wa kanisani, kila mmoja na gunia tupu. Jana, Jumapili ya Matawi, alisimama baada ya mahubiri akatangaza. Mjomba Silas naye yumo – kavaa shati la Krismasi.
Mbegu sina. Virusi vimezima jeni kwenye miche hii tu. Mbegu zake zitaota kama za kawaida. Tumejua jeni ya kushika, basi. Kuzalisha mbegu yenyewe ni kazi ya miaka. Na trei hizi lazima zichomwe, ndiyo sheria.
Sadik anasema wachungulie dirishani kwanza. Wakiona kijani kile, nani atanisikiliza tena?
Namsikia mama hadi huku, anamwambia mlinzi: "Huyo nimemzaa mimi. Mwambie atoke, tumekuja kupokea." Sijawahi kumsikia akijisifu. Hata siku moja.
Nimevua glavu. Natoka –