Baba, Usipande Gari Lao

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini mguu umepoa na sasa unafika shambani bila fimbo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitoa machozi. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu siku hizi nikipiga simu yako anapokea Saidi, mtoto wa shangazi, na Saidi ndiye aliyekuletea wale wageni kutoka Mikumi. Barua nimeituma kwenye simu ya mwalimu Rukia, jirani yetu. Akusomee yeye, mkiwa na Mama tu, mlango umefungwa.

Uliniambia wageni walianza kwa kuomba kupita shambani kwetu. Kisha wakachimba kisima, kama walivyoahidi. Sasa wamesimika nguzo nne za chuma, wanasema ni alama tu za njia. Tangu uliponieleza hayo sina raha.

Hapa Kanada nafanya usafi kwenye jumba la makumbusho, karibu na mahali mto mkubwa unapoingia baharini. Mwenzangu ni mama mtu mzima, Bi Agnesi, mwenyeji wa asili; wazee wake waliishi huku kabla Mzungu yeyote hajafika. Juzi tulikuwa tunafuta vumbi kwenye picha ya msalaba mrefu, nikamwambia habari za nguzo zetu. Akaacha kufuta, akaniambia niketi.

Alinisimulia kwamba karibu miaka mia tano iliyopita nahodha Mzungu alitia nanga kwenye ghuba hii hii, akakuta watu wa taifa jirani na lao wamekuja kuvua samaki. Akawagawia visu na shanga, nao wakamchezea ngoma. Baadaye akasimika msalaba kwa jina la mfalme wake. Chifu wa wavuvi wale hakupendezwa. Alimfuata kwenye merikebu yake kwa mtumbwi pamoja na wanawe, akaunyooshea kidole ule msalaba, kisha akazungusha mkono kuonyesha nchi yote: hii ni yetu, nawe hukuniuliza. Mabaharia wakamnyooshea shoka kama wanampa. Aliposogea wakaushika mtumbwi, wakawapandisha wote merikebuni. Huko wakalishwa vizuri na kuambiwa msalaba ni alama tu ya njia. Wana wawili wa chifu wakavikwa mashati na kofia nyekundu, nahodha akaondoka nao, akiahidi kuwarudisha.

Nikamuuliza Bi Agnesi kama aliwarudisha.

"Aliwarudisha," akasema. "Mwaka uliofuata. Ndiyo maana walimpokea tena."

Safari hiyo ya pili, wakati wa kuondoka, alimkamata chifu mwenyewe. Akaahidi vilevile. Chifu alifia ng'ambo.

Baba, kisima chao hakinitulizi, kinanitia hofu zaidi. Nimemuuliza mwalimu Rukia, naye anasema mkutano wa kijiji haujawahi kuletewa habari za nguzo hizo. Na jana Saidi alinitumia ujumbe wa kujisifu kwamba Alhamisi watakupeleka Mikumi kwa gari, ukale nao hotelini, kisha utie dole gumba kwenye karatasi. Karatasi hiyo nani ameisoma?

Usipande gari hilo. Wakitaka dole gumba lako, waje mkutanoni, waseme mbele ya majirani wote wa Masanze. Wakikasirika, sema binti yako amekataza. Lawama nitabeba mimi.

Mama mwambie namshika miguu. Bibi mzaa mama kule Kisanga mpe shikamoo yangu, na mjomba anayefanya kazi shamba la mbegu Kilangali mwombe aje akae nawe Alhamisi. Dada Asha awabusu watoto. Saidi usimsalimie, wala usimgombeze. Mwangalie tu.

Huenda nawasingizia watu wema. Ikiwa hivyo, nitakuja kuwaomba radhi mwenyewe, kwa magoti. Lakini siku nitakayokuja, Baba, nataka nikukute shambani kwako.

Ni mimi mwanao,
Zuhura