Mraba wa Miamvuli

Jumamosi

Mraba haukuvunjika! Bado nacheka peke yangu hapa chumbani.

Asubuhi niliogopa, nakiri. Nilikuwa naongoza ziara yangu ya kwanza ya Kiswahili kwenye uwanja wa vita wa Waterloo, hapa Ubelgiji, na wageni ni Wakongo wa kanisa moja la mtaa wa Saint-Josse. Bosi alishasema vita vya Waingereza haviwahusu, watachoka tu. Aliniudhi mno. Na kweli, nilipoeleza jinsi askari wa miguu walivyojipanga mraba kuwazuia farasi wa Wafaransa, wakapiga miayo.

Basi nikawapanga. Akina mama bega kwa bega, pande nne, miamvuli imeelekezwa nje kama singe za bunduki. Akina baba wakawa farasi.

"Farasi harukii ncha kali," nikawaambia akina mama. "Mkikimbia tu, mmekwisha."

Akina baba wakaja mbio wakipiga kelele. Hakuna mama aliyesogea! Wakazunguka, wakazunguka, hadi pumzi zikawaishia.

Wenzake walipokwenda kula, Maman Furaha, aliyefika Ubelgiji kama mkimbizi wa vita kutoka Kivu, alibaki palepale, mwamvuli mbele.

"Bon," akaniambia, "vita yote nilikuwa nakimbiaka. Hii ya leo, non."