Mama Mkwe Amevaa Pazia la Bafuni

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie upesi kabla mama mkwe hajarudi kutoka mazoezi ya kwaya, maana leo amekwenda kuwapima wenzake viuno kwa tepu yangu mwenyewe ya kupimia, na mimi nimebaki hapa sebuleni natetemeka kama mwanafunzi wangu anayejifunza kurudi nyuma kwa vioo.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kazi hii inakula roho, mshauri. Kutwa nimekaa upande wa abiria, mguu juu ya breki ya ziada, napiga kelele "nguzo, nguzo, nguzo!" na mwanafunzi ananijibu kwa upole "ninaiona, mwalimu," huku tunaifuata. Ndiyo maana nikifika nyumbani nakaa kwenye cherehani aliyoniachia marehemu bibi yangu, ile ya kukanyaga kwa miguu, kwa kuwa hicho ndicho chombo pekee maishani mwangu kinachokwenda ninakotaka mimi.

Vitambaa vipya sinunui. Raha yangu ni mitumba. Jumamosi naingia sokoni nazamisha mikono kwenye rundo mpaka viwikoni, navuta shuka la mistari, kitambaa cha meza chenye doa moja tu pembeni, shati la mtu mnene lenye vifungo vya mbao, naleta nyumbani, nafua, naanika, napiga pasi, na ule mvuke ukipanda na kitambaa kikalainika mkononi, hata ukinipigia simu kwamba gari la shule limeingia mtaroni nitakuuliza tu kama kuna mtu ameumia. Shati lile sasa ni mito ya kochi. Shuka limekuwa aproni. Chupa ya chai nimeishonea koti lenye kola. Mke wangu, ambaye ni msusi, hana neno, tena yeye ndiye aliyeomba koti liwe na mfuko.

Sasa mama mkwe akaja kukaa kwetu wakati nyumba yake inaezekwa upya. Siku ya kwanza aliitazama chupa ya chai, akanitazama mimi, akamwambia binti yake kwa sauti ya mtu anayeongea na umati, "Angekuwa fundi wa kushona ningeelewa, fundi ni kazi. Huyu anaivalisha chupa koti kwa raha zake?" Tangu hapo hakunisemesha moja kwa moja. Nimekaa naye meza moja, bado anasema, "Mwambieni huyo bwana chumvi iko mbele yake."

Siku moja nikapata sokoni kitambaa cha ajabu, rangi ya zambarau, maua meupe makubwa kama sahani, kizito, kinang'aa, na juu kina safu ya matundu yenye pete za chuma. Nilijua ni nini, mshauri, sitakudanganya. Ni pazia la bafuni. Nilikuwa na nia njema kabisa ya kushona mfuko wa kubebea nguo chafu. Nikalitandaza mezani, na mama mkwe akapita, akasimama, akalipapasa, na kwa mara ya kwanza akanigeukia mimi mwenyewe.

"Hiki kitambaa cha gauni ni cha nani?"

Mshauri, mdomo ulifunguka wenyewe. "Chako, mama."

Nilishona kwa moyo wangu wote. Mikono imefura mabegani, kiuno kimekaa, marinda yameanguka vizuri, na yale matundu, kwa kuwa hayafichiki, nikayapeleka shingoni nikapitisha utepe. Lilimkaa kama alizaliwa nalo. Akitembea linalia chwa-chwa-chwa, na yeye anadhani ndivyo vitambaa vya gharama vinavyolia. Jioni ile aliniita "mwanangu". Nikaenda jikoni nikajifuta machozi kwa aproni ya mistari.

Mke wangu akanifuata huko, amejishika mbavu. "Mwambie!"

"Mwambie wewe, ni mama yako."

"Ni mama yangu, ndiyo maana simwambii."

Nikasema moyoni, atalivaa mara moja tu. Akalivaa kila siku. Halafu ikanyesha mvua kubwa wakati yuko sokoni, watu wote wakalowa chapachapa, yeye akarudi kichwa na miguu vimelowa lakini katikati mkavu kama amekaa sebuleni. Akalikung'uta mara moja tu, maji yote yakaanguka. Habari ikafika kwaya kabla nguo za wenzake hazijakauka. Mama mkwe akawaambia kwamba kitambaa kimetoka ng'ambo na mkwewe ndiye anayejua njia zake, na kwaya nzima ikakata shauri kwamba kwenye mashindano mwezi ujao wote watavaa kitambaa hichohicho, na sare zao za zamani wamekwisha kuzigawa kwa kwaya nyingine!

Sokoni nimerudi, pazia kama lile halipo. Nikisema ukweli, nitarudi kuwa "huyo bwana" mpaka kaburini, na yeye atachekwa na kwaya nzima. Nikinyamaza, wataimba uchi. Mke wangu kila akipita bafuni nasikia anacheka humo ndani peke yake. Nifanye nini?

Wako, Mwalimu wa Breki ya Ziada

JIBU

Mwanangu Mwalimu, pole. Nimeisoma barua yako ofisini kwa sauti na mhariri ametoka nje mpaka sasa hajarudi. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri nikuseme.

Wewe kutwa unawafundisha watu wazima kusimama kabla ya hatari, na wewe mwenyewe ulipoulizwa swali dogo tu la kitambaa, ukakanyaga mafuta. "Chako, mama." Neno moja tu, "cha mfuko, mama," lingekutoa hapo salama. Lakini nakuelewa. Mtu aliyenyimwa hata salamu mezani, siku akiulizwa jambo kwa sauti laini, atagawa hata kochi.

Nikuulize na wewe, aibu iko wapi hasa? Iko kwenye pazia? Mimi ninayekuandikia nimevaa sketi iliyokuwa kitambaa cha meza, doa la mchuzi limefichwa chini ya mfuko, na nimeingia nayo kwa mkurugenzi akaisifu. Kitambaa umekikuta kimetupwa, umekifua, umekikata, umempa mama wa watu kiuno ambacho maduka yalimkatalia. Hilo si kosa. Kosa ni kumwacha mwanamke mzima atembee mjini akijisifu kwa jambo ambalo nyinyi wawili mnalichekea jikoni. Na mkeo mwambie nimemsema pia. Nimekwisha kumsikia anavyocheka bafuni.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie leo, wala usingoje akili ikae sawa, maana haitakaa. Mwambie mchana, mkiwa wawili, akiwa amevaa nguo nyingine, kwa sababu habari kama hii mtu haipokei vizuri akiwa ndani yake. Mkeo aende saluni. Usianze na "unajua, mama, siku hizi vitambaa…" Anza na "mama, nimekukosea." Usimlaumu muuza mitumba. Mwambie ulimwogopa, mwambie na jinsi ulivyofurahi alipokuita mwanao. Akikasirika, mwache akasirike. Ana haki hiyo, tena ameitafuta kwa jasho, maana nguo ile haiingizi hewa.

Halafu hao wanakwaya. Acha kutafuta pazia lililofanana na lile. Sare inaweza kuwa mshono mmoja kwa vitambaa tofauti. Waite nyumbani, wape sindano, wakunje pindo zao wenyewe. Ukijaribu kuwashonea wote peke yako, nitakuja huko nikunyang'anye cherehani.

Chupa ya chai iache na koti lake. Haijamkosea mtu.

MWALIMU AMETUANDIKIA TENA

Shangazi mshauri, nimefanya ulivyoniagiza, na kwa kuwa ulinisema mbele ya wasomaji wote, naona ni haki wasikie na yaliyofuata.

Nilimkuta mama mkwe anachambua mchele. Nikasema, mama, nimekukosea, nikasema yote kwa pumzi moja, pazia, bafuni, pete, mpaka habari za mfuko wa nguo chafu. Hakuinua kichwa. Akatoa kijiwe, akakitupa. Akatoa kingine. Halafu akauliza, "Bafuni kwa nani?"

"Sijui, mama. Ni mtumba."

"Mtumba umetoka wapi?"

"Ng'ambo, mama."

"Basi sikuwadanganya." Akaweka ungo chini, akaenda chumbani, akafunga mlango, na mimi nikasikia kabati linafunguliwa, nikajua anafunga mizigo.

Akatoka amevaa gauni. Amepaka na mafuta. "Nishikie mkoba, mwanangu, twende mazoezini." Njiani ilikuwa chwa-chwa-chwa tu, na kila chwa iliniingia mgongoni.

Akasimama mbele ya kwaya. "Kina mama," akasema, "nimeulizia kitambaa. Ni pazia la bafuni. Nimelivaa mwezi mzima na hakuna hata mmoja wenu aliyejua, tena wewe uliye nyuma uliomba kuligusa mara mbili. Anayetaka kuvaa kama mimi, nyumbani kwake anaoga wapi?"

Mwimbaji mkuu wa sauti ya kwanza, mama mpana mwenye kicheko cha kushtua kuku, ndiye aliyeanza kucheka. Walicheka mpaka mwalimu wa kwaya akafunga kinanda. Kesho yake wakaanza kuingia sebuleni kwangu mmoja mmoja na furushi kwapani. Mapazia ya bata wa manjano. Ya samaki. Moja lilikuwa la ramani ya dunia, na ikabidi tukubaliane na mwenyewe ni bara gani akalie. Nilikata mimi, wao wakakunja pindo, mama mkwe akazunguka na miwani puani akifumua walipokosea. "Fumua, huo mshono umelewa." Sijawahi kuwa na wiki nzuri kama ile. Watu wamekaa mpaka kwenye vizingiti vya milango, mikasi inapita mkono kwa mkono, vipande vya bata vimetapakaa sakafuni, na mke wangu anawasuka wawiliwawili huku wanashona.

Kwenye mashindano tulishika mkia. Majaji walisema sauti zilikuwa nzuri ila kila wanakwaya walipoyumba kushoto na kulia nguo zilizidi muziki. Lakini walishangiliwa wao kuliko washindi, na mama mkwe alirudi jukwaani kuinamia watu mara tatu bila kuitwa.

Tatizo lililobaki ni la waume. Juzi jioni mume wa yule mwimbaji mkuu, ambaye ni fundi bomba, alinigongea mlango kwa ngumi, uso umeiva kwa hasira.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi, kaka."

"Nyumbani kwangu sina pazia! Jana naoga, mgeni anapita koridoni, ananisalimia! Nami nikaitika!"

Nikamvutia kiti, nikamwekea mezani kitambaa cha mtumba chenye miraba, cha pamba safi, nikamwonyesha namna ya kupitisha uzi. Alisema yeye si mtu wa mambo hayo. Alisema ameacha gari linanguruma nje. Baadaye akatoka kulizima, akarudi, akaniomba nisogeze taa.

Amemaliza pazia lake mwenyewe. Ni la pamba, linapitisha maji yote, mkewe anasema kila asubuhi anapiga deki mpaka koridoni. Lakini mgeni yeyote akifika kwao sasa, kabla hajakaribishwa hata kiti, fundi bomba anamshika mkono, anampeleka bafuni, anamwambia, "Hebu angalia hilo pindo."