Chaki Kwenye Madigadi

Jumamosi, 13 Aprili 2024

Hatimaye! Miaka miwili nalitazama gari langu kwa aibu – tairi zimezama ndani ya madigadi kama macho ya mgonjwa. Leo fundi Ildefonce amemaliza. Ameweka spesa, vile vyuma vya duara vinavyosukuma tairi nje. Kisha akaning'iniza uzi wenye nati kutoka ukingo wa madigadi. Uzi ukashuka, ukagusa ubavu wa tairi. Sawasawa! Nimelizunguka gari mara nne mbele za watu. Mwalimu mzima.

Fundi alimwita mama wa chai na wateja wake wawili wakae nyuma, akapita kwenye tuta. Kwaruu! Akaniambia: mwalimu, mkiwa wawili halitagusa kamwe. Ukijaza watatu nyuma, au mikungu ya ndizi kwenye buti, tairi italamba madigadi. Nikamjibu nyumbani tuko wawili tu, mimi na mume wangu. Mtoto wetu Elisifa yuko bweni. Sina shida hiyo.

Baba Elisifa hakufurahi. Aliinama akatazama chini ya gari, akauliza kama zinatoka. Nini? Spesa. Ndiyo kwanza zimeingia, jamani!

Jumanne, 16 Aprili

Alama nyeusi ndani ya madigadi, nyuma kushoto. Mpira! Siku tatu tu.

Wa kulaumiwa ni nani? Mimi naenda shule kwa miguu. Gari analo mume wangu Gerson, tangu Februari, kwa kuwa eti basi la wafanyakazi halipiti tena huku Majengo. Na njia ya kiwandani ni tambarare, lami mpaka getini. Nimemuuliza anabeba nani. Peke yangu, kasema – hakuniangalia, anatafuta soksi. Soksi alikuwa amezivaa.

Jumatano, 17 Aprili

Nimempigia Ildefonce, nimemfokea. Umeniwekea spesa nene! Akaapa kwa Bikira Maria kwamba vipimo ni vilevile. Akanipa ujanja: paka chaki ukingo wa ndani. Ikifutika, tairi imegusa.

Chaki! Mimi nina boksi zima.

Alhamisi, 18 Aprili

Asubuhi nimepaka, yeye yuko bafuni. Jioni imefutika. Kushoto na kulia. Hata vumbi lake hakuna.

Ijumaa, 19 Aprili

Darasa la Sita wanafanya hesabu zao, mimi nafanya zangu.

Mwanamke mmoja hawezi. Kwanza mwanamke wa namna hiyo hukaa mbele! Na hata akikaa nyuma, hata awe mnene vipi, peke yake halishuki hivyo. Basi ni mwanamke na watoto? Watoto wawili? Watatu?

Ee Ruwa, Mungu wangu. Kusema kweli moyo unaniuma. Miaka kumi na minne nimelala na mtu huyu na sijawahi kumpekua hata mfuko wa shati.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimepekua. Si shati – kiti cha nyuma. Nimeokota kipande cha jani la mgomba, na shanga ya rozari. Sisi ni Walutheri! Harufu ya maziwa yaliyomwagika. Na kwenye spesa, tope jekundu. Kiwandani udongo ni mweusi. Tope hili ni la huko juu mlimani. La Uru.

Uru kuna nani? Uru kuna Agness, ambaye Gerson alitaka kumuoa kabla yangu. Mume wake alizikwa mwaka juzi. Dalili ya mvua ni mawingu, na haya si mawingu tena, nimeshalowa.

Jioni kaniuliza mbona nimenyamaza. Nikasema nasahihisha madaftari.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nchi nzima imelala, yeye huyo – kazini. Kiwanda hakina sikukuu, kasema. Nimempa chai, nimemtakia kazi njema. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kesho naenda Uru mwenyewe. Akitoka kwa Agness atanikuta barabarani.

Jumamosi, 27 Aprili

Nianzie wapi.

Nilipanda bodaboda, nikashukia kwenye kona ya mteremko. Khanga kichwani, manyunyu. Palikuwa na akina mama na ndizi zao na ndoo za maziwa, wanasubiri kwenda sokoni. Nikamwambia shikamoo mama mmoja mzee. Akaitikia, akaniambia nisipande gari lolote, ningoje la kwao, dereva wake ana adabu.

Nililisikia kabla ya kuliona. Kwaruu. Kimya. Kwaruu. Nilijua hata ni tairi ipi.

Likatokea. Wanne nyuma, ndizi buti haifungi. Mbele wazi. Nyuma ya usukani Gerson, na sare yake ya kiwandani. Gari langu amelifanya mchomoko, teksi ya kujaza abiria wa njiani! Akasimama, akina mama walikuwa wamempungia mikono. Ndipo akaniona. Yule mama mzee akajibana nyuma na ndoo yake, mimi akanisukuma mbele: panda mwanangu, mvua hiyo.

Nikapanda. Hakunisalimia, sikumsalimia. Gari likateremka linakwaruza kila kona, na kila likikwaruza aliuma mdomo. Nyuma wanaongea. Yule mama ananisifia dereva – tangu Februari hajawahi kuyaacha maziwa yao yakachachia barabarani. Hata ile wiki ya kwanza, alipopunguzwa kazini! Alikuwa anaendesha machozi yanamtoka, wakamsalia rozari nzima mpaka mjini. Maskini, tena ana mke na mtoto, kasema. Akaniuliza nashukia wapi.

Nikasema popote.

Kumbe hakuna Agness. Ilinipasa kufurahi, na nilifurahi, kidogo, mpaka kona iliyofuata. Halafu wivu ukanishika vibaya kuliko ule wa Agness. Akina mama wote wa Uru wanajua! Wamemwona akilia! Mimi nimepewa habari za basi la wafanyakazi. Na kabla ya spesa alikuwa anabeba vilevile, gari lilikuwa halisemi tu.

Wameshuka sokoni Mbuyuni. Tumebaki wawili. Nilingoja aseme. Majengo ikafika, hajasema.

Sasa ni saa tisa alasiri. Naandika hapa dirishani. Amepiga jeki. Anafungua nati za nyuma, kushoto. Hakuniuliza! Gari ni langu, spesa ni zangu, niliyengoja miaka miwili ni mimi! Nimeinuka nikamzuie, nimefika mlangoni, nimerudi kukaa. Bado amevaa ile sare. Suruali ina mstari ulionyooka toka kiunoni mpaka chini. Mstari huo nimeupiga mimi kwa pasi. Kila Jumapili, tangu Februari, na yeye amekaa pale kwenye kochi ananitazama.

Ananiita. Mama Elisifa, handbreki haishiki, njoo unikanyagie breki. Kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyetoka kazini.