Vipimo vya Furu Vilivyokwama Mirongo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Gladness kapiga simu. Alikuja kwetu kama mwanafunzi wa mafunzo, mimi nikiwa mtunza takwimu. Leo ndiye mkuu wa ofisi ya mradi wa samaki. Shikamoo mama, kisha moja kwa moja: Ijumaa wanahama ofisi ya Mirongo, kompyuta za zamani zinauzwa kama chuma chakavu. Vipimo vya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, vimo humo, haviingii kwenye kompyuta mpya. Mafundi wawili wameshindwa. Ningeweza kuja?

Nimestaafu miaka minne. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza!

Chumba ni kilekile. Mashine tatu za chogo kwenye ule waya mweusi — mimi na Revocatus, mwenzangu wa kazi, tuliupitisha darini mwaka 1999, tukashuka weupe kwa vumbi, tukachekana. Upande wa pili, kompyuta mpya na rauta yao. Katikati mashine moja yenye kadi mbili za mtandao, moja ya waya wa zamani, moja ya waya mpya. Kila kitu lazima kipitie hapo.

Harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia samaki, bado ipo. Nilikaa kitambo bila kugusa kitu.

Jumanne, 9 Septemba

Waya wa zamani ulikuwa umekufa kabisa. Nimeufuata kwa mkono mpaka mwisho — kizibo cha ncha kimeng'olewa! Bila kizibo laini nzima hufa. Kingine nilikipata kwenye droo yangu mwenyewe. Mashine tatu zikaonana. Nimepiga makofi peke yangu.

Nikafungua faili la kwanza. Furu, milimita 94. Furu, 101. Namsikia kabisa Revocatus: yeye na rula, anataja kwa sauti, mimi naandika. Mchana ugali wa muhogo na samaki, kisha tunaendelea. Aina nyingine za furu hatukuziona tena baada ya hapo.

Lakini kwenda upande mpya — hakuna. Natuma, jibu halirudi. Ya katikati inapokea pande zote mbili ila haipitishi. Njia imefungwa humo ndani, na kuifungua kunataka nenosiri la mtu aliyeiweka mashine hiyo. Gladness akauliza kwa nini tusitoe diski. Haiwezekani. Diski inakwaruza, mashine ikizimwa huenda isiwake tena.

Sasa nenosiri analijua nani, mama?

Revocatus.

Mwaka 2011 vipimo vya miaka miwili vilipotea. Kamati ikaniuliza nani aliyegusa mashine mwisho. Nikamtaja yeye. Nilimwona kwa macho yangu. Wakamwachisha kazi. Hatujasemezana tangu siku hiyo.

Jumatano, 10 Septemba

Nimevuka na kivuko cha asubuhi. Pale Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kila mtu anamjua: Revocatus wa nyanya? Nyumba ile.

Amekonda. Mvi tupu. Alikuwa anamwagilia nyanya zake. Aliweka ndoo chini, akanitazama.

"Akumu. Nilijua siku moja utakuja."

Nikamweleza shida. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Kumbe ni kwa ajili ya kompyuta."

Mkewe, Rebeka, akaleta chai. Revocatus akaanza kuuliza mambo — zile tatu bado zinawaka? Ule waya wa darini panya hawajaula? Mara uso ukafunguka, tukawa wawili wa zamani, kama nusu saa hivi. Nenosiri akanipa bila kunifanya nimbembeleze: furu112, neno moja. Urefu wa furu wa mwisho tuliyempima pamoja. Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau.

Wakati wa kuaga akasema: vile vya 2001 na 2002, mimi sikuvifuta. Akasema hivyo tu, akarudi kwenye ndoo yake.

Alhamisi, 11 Septemba

Nenosiri limekubali. Nimefungua njia, nikaielekeza rauta mpya kurudisha majibu upande wa zamani. Jibu la kwanza lilivyorudi nilisimama! Faili zikaanza kuvuka, polepole, moja moja.

Nikiwa nasubiri nikachungulia ya katikati. Kuna folda inaitwa MUDA. Ndani — 2001. 2002. Vyote.

Aliyehamisha: akumu. Tarehe: 14 Machi 2011.

Nimekumbuka. Diski ilikuwa imejaa, nikavisogeza kwa muda. Jioni ile simu ikaja kutoka Shirati, mama yangu mzazi amefariki. Niliporudi kutoka msibani hata sikuvikumbuka. Revocatus aligusa mashine baada yangu, ndiyo. Hakukuta kitu.

Gladness kachungulia begani: si ndivyo vilivyopotea hivi? Mungu mkubwa! Akanikumbatia. Jina hakuliona.

Herufi tano tu. Ningeweza kulifuta kabla hawajahama, na nenosiri ninalo. Mkono ulikuwa juu ya kibodi.

Nimechapisha ukurasa kama ulivyo. Kisha nikamwonyesha Gladness. Akasema, mama, uanzie kwa Revocatus kwanza, barua kwa wakubwa nitaiandika mimi.

Ijumaa, 12 Septemba

Kamanga. Nipo barazani kwa Revocatus, naandika.

Alinipokea kwa furaha leo, ndiyo mbaya zaidi! Akauliza kabla sijaketi: zimevuka? Zimevuka zote, nikamwambia. Akapiga paja, akamwita Rebeka aje asikie.

Nikampa karatasi. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Maandishi madogo haya. Ngoja nichukue miwani."

Ameingia ndani. Ameiacha mezani, mbele yangu. Nasikia anamuuliza mkewe miwani iko wapi. Rebeka anasema ndani ya kabati. Mlango wa kabati — ameipata. Anakuja, na karatasi iko palepale.