Mapacha Waliobaki Nyumbani

Wawi, Pemba
Jumamosi, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Shikamoo, mama. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza nimeiandika daftari likiwa gotini na sijui kama inasomeka. Goti lako linaendeleaje? Na kikohozi cha baba, bado anakiita vumbi? Mie huku mzima, alhamdulillahi, ila ni uzima wa kuazima. Unaona nimeshaanza kusema "mie" kama wao.

Kwa simu siwezi. Ukisema tu "Zaina mwanangu" nalia, nawe ukisikia nalia unalia, baba anakunyang'anya simu, mwisho tunaulizana kama mvua imenyesha. Kwa hiyo naandika, kisha nitaipiga picha nimtumie Shabani akusomee. Shabani mdogo wangu, soma kama ilivyo. Usiruke mahali ukadhani unamhurumia mama.

Mama, ni wawili.

Haya, nimeshasema. Daktari alipokuwa ananipima kwa ile mashine ya picha ya tumbo alinigeuzia kioo, akasema, "Mwalimu, hapa kuna kichwa, na hapa kuna kichwa." Nikacheka kama mjinga. Hamad, mkweo, alikuwa mlangoni, ametoka moja kwa moja kununua samaki Tumbe na ananuka harufu yao. Alipoelewa akakaa chini, tena sakafuni, na kiti kipo.

Tulipofika nyumbani Bi Zuwena, mama yake Hamad, akatuingiza ndani akafunga mlango. "Wawili hawasemwi," akasema. "Mtu akikuuliza, sema mgeni yu njiani. Macho ya watu yana njaa." Basi skuli wenzangu wanalitazama tumbo hili na kusema, "Huyo dume, mwalimu!" nami nacheka nao. Hata nguo za mtoto hataki ninunue mapema, anasema ni kujichulia. Kwa hiyo sina hata kitambaa kimoja, mama. Kabati langu lina madaftari ya darasa la tatu tu.

Najua mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, na najua arobaini yangu umeipanga tangu siku niliyoolewa, mpaka mawese umeshayaweka. Lakini daktari amekataa katakata nisipande boti, seuze treni ya mpaka Kigoma. Presha inapanda. Miguu imevimba, navaa kandambili za Hamad. Mmoja amekaa kitako, mwenzake amejilaza mapana. Daktari anataka Jumatatu niingie hospitali kubwa, Chake, wanipasue kabla uchungu haujaanza. Nikamjibu nitafikiri. Na tangu siku hiyo nafikiri jambo moja tu, kwamba nitakufa.

Usiseme astaghfirullah. Nisikilize kwanza.

Msimu huu wa karafuu, baada ya magharibi, watoto wa mtaa huja kumsaidia Bi Zuwena kuchambua. Karafuu zikishachumwa lazima zitengwe na vikonyo vyake jioni ileile, asubuhi zianikwe, la sivyo zinavunda. Na watoto hawachambui bure. Malipo yao ni hadithi. Bi Zuwena anasimulia, vidole vinakwenda. Akinyamaza, vidole vinasimama. Mwaka huu alikuwa na hadithi ndefu ya mke wa sultani, wanawe mapacha, na zimwi la njiapanda. Ni hadithi aliyopewa na mama yake, na hairuhusiwi kuguswa. Mtoto mmoja wa jirani aliwahi kulipandisha zimwi pikipiki, wenzake wakacheka, Bi Zuwena akamfukuza mkekani. "Hadithi amana," akamwambia. "Umeipokea na mkia wake, uikabidhi na mkia wake."

Hodari wa kuchambua ni Ilham, mtoto wa wifi yangu. Unakumbuka nilikwambia, wifi alifariki akimzaa huyu, ndiyo maana analelewa na bibi yake. Sasa yuko darasani kwangu, ana ulimi wa mtu mzima.

Basi hadithi ilikuwa imefika mahali mke wa sultani ana mimba, tumbo si la kawaida, wakunga wameitwa. Siku ya pili yake ndipo tukarudi sisi na habari zetu. Jioni watoto wakaja, wamekaa, wanangoja. Bi Zuwena akasema, "Leo sauti imenikauka." Kesho yake sauti imekauka. Siku ya tatu imekauka vilevile, na asubuhi yake sauti hiyohiyo nikaisikia ikimfokea muuza mkaa mpaka akasahau chenji yake. Watoto wakaacha kuja. Bi Zuwena akawa anachambua peke yake na Ilham, na sehemu ya karafuu zikavunda kweli.

Nikamuuliza Hamad, "Hadithi ile inaishaje?" Akasema ameisahau. Hamad, mama, anayekumbuka bei ya samaki changu ya mwaka juzi! Nikamuuliza mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa hapa, akanitazama tumbo, akaniambia nikanywe maji. Sasa mtu mwenye akili aelewe nini?

Nikaanza kuzikumbuka zako, za kule Ujiji, tukisubiri ugali uive. Na za bibi. Mama, mbona nyote mnatuua? Sikumbuki hadithi hata moja ambayo mama wa mapacha alifika kwenye harusi yao. Anazaa, anafumba macho, watoto wanapelekwa kwa mama wa kambo au mwituni, na sisi tunaitikia tu, tunataka kujua zimwi liko wapi. Hakuna aliyemlilia. Nami sikumlilia. Sasa usiku naweka mkono tumboni nasikia mmoja anacheza huku na mwingine kule, najiambia, Zaina, hadithi yao imeshaanza, na wewe ni yule wa mwanzoni.

Na namkumbuka mama mdogo Mwamini. Najua hupendi atajwe. Siku ile ya uchungu wake mlitupeleka watoto sote kwa jirani, naye akatutuliza kwa hadithi, tukawa tunaitikia kwa nguvu ili tusisikie yanayotoka kwetu. Tuliporudi mikeka ilikuwa imetandikwa nje na wanaume wamekaa. Mlituambia amesafiri. Nilikuwa na umri kama wa Ilham, mama, nilijua.

Kwa hiyo nilimwambia Hamad sendi Chake. Nilimwambia nikienda kwa miguu yangu nitarudishwa nimebebwa. Akanibembeleza, akakasirika, akanibembeleza tena. Kichwa kikaanza kuniuma na macho kuona vimulimuli, nikamficha. Hofu inamfanya mtu mjinga, mama, nami nilikuwa mjinga wa kutosha.

Alhamisi Bi Zuwena akamtuma Ilham mtaani akawaite watoto. Wakaja mbio, wameshajikalia. Mie akaniita nikae ubavuni kwake, akaniwekea mto mgongoni.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Akaanzia palepale alipoachia. Mke wa sultani akashikwa na uchungu, wakunga wakaingia, mlango ukafungwa. Nikaushika mkeka kwa mikono miwili.

"Akazaa wa kwanza, mwanamume," akasema Bi Zuwena. "Akazaa wa pili, mwanamke. Wakunga wakamkanda, wakampa uji wa pilipili manga. Akanywa kikombe, akaomba cha pili."

Vidole vyote vikasimama.

"Bibi, sivyo," akasema Ilham.

"Sivyo nini?"

"Uji hanywi. Mama hufa."

"Leo hafi."

"Mama hufa, Bibi. Mwaka jana ulisema. Hufa, ndo watoto wanapelekwa mwituni."

"Ilham! Mwenye hadithi mie au weye?"

"Hadithi amana," akasema Ilham, taratibu, kwa sauti ya bibi yake kabisa.

Ndivyo nilivyojua, mama. Jambo nililofichwa na nyumba nzima nimeambiwa na mtoto aliyemuua mama yake kwa kuzaliwa, Mungu anisamehe kulisema hivyo, hakumuua, lakini ndivyo watoto wenzake wanavyomwambia wakigombana. Nilimtazama Bi Zuwena, uso umelowa jasho, mikono imezama kwenye karafuu na haichambui.

"Amana nimeivunja," akasema. "Mungu ananiona. Lakini maiti haiingii tena nyumba hii, hata ya uongo."

Kisha mtoto mmoja akauliza, "Haya, ikawaje?"

Hapo Bi Zuwena akakwama. Mama yuko hai, amekaa, anakunywa uji. Nani sasa atawapeleka watoto mwituni? "Wakakua," akasema. "Siku moja wakataka kwenda njiapanda. Mama yao akawaambia, mwende wapi na jua hili? Njooni mle. Wakaja. Wakala, wakanawa, wakalala."

"Na zimwi?"

"Likangoja njiapanda hata likachoka. Likaenda zake."

"Na upanga?"

"Wa nini?"

"Na yule binti mfalme wa kuokolewa?"

"Aliolewa na mtu wa Wete."

Weee, zogo! Watoto walipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Hadithi mbovu! Haina kitu! "Mbovu," Bi Zuwena akakubali. "Chambueni karafuu." Nami nilicheka, mama, nikacheka huku nalia, na Ilham peke yake anachambua tu na kichwa ameinamisha.

Asubuhi Bi Zuwena akanifuata jikoni. "Umeona?" akaniambia. "Mama wa hadithi hufa kwa kuwa akiwepo hapana hadithi. Mama gani atamwacha mwanawe afike kwa zimwi? Basi mie sitaki hadithi, nataka watu nyumbani. Mama yake Ilham tulichelewa naye. Weye hatuchelewi." Nikamwambia habari ya kichwa na vimulimuli. Hakunigombeza. Alivaa baibui akanipeleka kupimwa, nikapewa dawa, na Jumatatu naingia Chake. Nimekubali.

Lakini usidhani nimepona hofu. Naogopa kisu. Naogopa atoke mmoja mwenzake abaki. Naogopa Hamad arudi na vifurushi viwili hajui hata ashike vipi, maana anajua kushika samaki tu. Naogopa zaidi kuliko siku zote, ila sasa naogopa nikiwa nakwenda. Nataka uwepo, mama. Najua bahari hujawahi kuivuka, ziwa peke yake linakutapisha. Njoo hivyohivyo. Hamad atakupokea bandarini Mkoani. Usipowahi Jumatatu, wahi arobaini, uje na mawese yako na samaki wetu wa migebuka, ugombane na Bi Zuwena nani anipikie uji. Na ukiwa njiani uniombee kila kituo.

Nisalimie baba, na aache kujidanganya na vumbi, aende akapimwe. Nisalimie shangazi Tausi, mwambie kanga aliyonipa ndiyo nitakayokwenda nayo. Shabani asiache shule. Na yule jirani aliyetusimulia siku ya mama mdogo, kama bado yu hai, mpe salamu zangu za pekee, sina kinyongo naye. Bi Zuwena anawasalimu nyote, anasema yeye na wewe mmeshakuwa bibi, mzoee.

Jana jioni karafuu zilikuwa nyingi, watoto wakaja ingawa wamenuna. Bi Zuwena akawapa nafasi wachague hadithi: sungura, jini wa kisimani, yoyote. Wakaanza kubishana. Ilham akawakata. "Ile mbovu," akasema. Wenzake wakamzomea, hakujali. Akamsogelea bibi yake akamwambia, "Na uji, Bibi, usiusahau. Vikombe viwili."

Mama, watu wakikuuliza Pemba kuna habari gani, natamani uwajibu hakuna. Waambie walikula, wakanawa, wakalala.

Mwanao akuombaye radhi na dua,

Zaina